UZI: Kupiga picha za anga kwa darubini ukiwa Bongo, tuanzie wapi (na ile Polaris ya YouTube tuisahau)

Mchungulia_Anga (mleta mada, Dodoma)

Wakuu, habari za humu ndani.

Tangu niweke ile picha ya mwezi kule jukwaa la picha, PM hazikauki. Kamera gani, darubini bei gani, naanzaje. Nimeona nilete uzi tumalizane hadharani, wajuzi wengine waongeze nyama.

Nianze na linalowakwamisha wengi. Masomo karibu yote ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani. Hatua ya kwanza anakwambia elekeza maunti (kitako kinachoshika na kuzungusha darubini) kwenye Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini. Sasa wewe uko Dar, Dodoma au Mbeya. Polaris iko chini ya upeo wa macho, huioni leo wala kesho. Ya ncha ya upande wetu wa kusini, Sigma Octantis, ni hafifu mno, mjini haionekani kwa macho kabisa, na kwa mtu wa Dar iko digrii saba hivi tu kutoka ardhini, yaani nyuma ya mwembe wa jirani. Mtu ameshatoa hela ndefu, anahangaika wiki nzima, mwisho darubini inabaki pambo la sebuleni. Na hapo hapo anga letu lina vitu ambavyo hao walimu wa YouTube wanapanda ndege kuja kuvipiga.

Msimamo wangu ni huu: usianze na maunti ya EQ, ile inayoinamishwa na kuning'inizwa vyuma vya uzito ili ifuate mzunguko wa nyota. Anza na mwezi kwa simu uliyonayo, nenda kwenye sayari, halafu kundi la nyota la Orion na nebula yake (wingu la gesi angani). Ukifika hapo utajua mwenyewe kama unaihitaji hiyo EQ au la.

Darubini sasa. Boksi likiandikwa "inakuza mara 525", cheka uendelee na safari. Ukuzaji unaofaa kweli ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo darubini ya 76mm ikivuka mara 150 ni ukungu mtupu. Uliza kipenyo, kisha shika miguu uitikise. Ikitetemeka dukani, usiku wenye upepo hupigi kitu. Kwa bajeti ya mtu wa kawaida, Dobson ya 150mm au 200mm haina mpinzani: kioo kikubwa, kitako cha mbao kinachokaa chini, haihitaji umeme. Haifuatilii nyota, lakini kwa mwezi na sayari inatosha sana.

Mwezi unapigwaje kwa simu? Maandalizi ni mchana. Lenga mnara wa simu ulio mbali, urekebishe kidarubini cha kulengea mpaka kikubaliane na darubini yenyewe, vinginevyo usiku utatafuta mwezi kama hukuuona ulivyo mkubwa. Weka lenzi ya jicho (ile unayochungulia) ya 25mm, usikimbilie ya 10 inayokuza zaidi. Ile adapta ya kubana simu inauzwa bei rahisi. Cha msingi kamera ya simu ikae katikati kabisa ya lenzi ya jicho. Ukiona weusi unakula picha upande mmoja, sogeza kidogo kidogo. Gusa mwezi kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusha mwanga mpaka mashimo yaonekane. Simu ikiachwa ijiamulie inauchoma mwezi wote mweupe. Piga kwa taima ya sekunde tatu, au chomeka earphone za waya utumie kitufe cha sauti, simu isiguswe.

Na usipige mwezi mpevu. Subiri mwezi wa siku ya saba au ya nane, jua linaupiga ubavuni, kuta za mashimo zinatupa vivuli virefu. Pita taratibu kwenye ule mstari kati ya mwanga na giza, picha zote nzuri ziko pale.

La mwisho halina mjadala: jua. Darubini za bei chee huja na kifilta kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa SUN. Kitupe leo. Pale mwanga umeshakusanywa, kioo kinaweza kupasuka kwa joto na jicho likaenda. Filta ya jua hukaa mbele, kwenye mdomo wa bomba, mfano ile karatasi ya AstroSolar ya Baader. Mliokuwa Rujewa, Mbarali, Septemba 1, 2016 siku jua lilipopatwa likabaki pete, mnajua ninachosema. Agosti 2, 2027 kuna kupatwa kwingine. Kamili ni kwa watu wa Misri, Saudia na huko, sisi tunapata kipande tu, kwa hiyo filta haivuliwi hata sekunde moja.

siti_ya_mbele

Nakaa hapa na kahawa yangu. Ila mkuu, hii kitu inalipa?

Mchungulia_Anga

Hailipi mkuu. Inakula.

fundi_redio (Morogoro)

Uzi umekuja wakati wake. Nina Newtonian (darubini ya vioo) ya 130mm na kamera ya Canon 600D ya mtumba. Nimenunua T-ring, ile pete ya kuunganisha kamera na darubini, nikafunga kamera pale pa lenzi ya jicho, fokasi haiji kabisa. Nazungusha ndani mpaka mwisho, nyota bado ni duara kubwa. Duka niliponunua wananiambia kamera mbovu. Kwenye lenzi yake ya kawaida inapiga fresh.

Mchungulia_Anga

Kamera ni nzima mkuu. Newtonian nyingi ndogo zimetengenezwa kwa jicho. Picha inaungana karibu sana na bomba, na sensa ya DSLR, yaani kamera kama yako, iko ndani ndani: kutoka pete ya T-ring hadi sensa ni milimita 55. Kwa hiyo unahitaji kuingia ndani zaidi na nafasi imeisha.

Dawa ya haraka ni lenzi ya Barlow ya mara 2, ifunge kati ya darubini na kamera. Inaisukuma fokasi nje, utaipata. Gharama yake ni kwamba picha inakuzwa mara mbili na mwanga unapungua, kwa mwezi sawa tu. Dawa ya kudumu ni kupandisha kioo kikubwa juu ndani ya bomba kwa skrubu ndefu zaidi, wewe fundi hilo halikushindi. Kabla ya kukata chochote pima: elekeza kwenye mwezi bila lenzi ya jicho, shika karatasi nyeupe nyuma ya fokasa (kile kipande unachozungusha kutafuta fokasi), sogeza karatasi mpaka mwezi utokee mkali. Toa umbali ule kwenye zile milimita 55, kinachobaki ndicho angalau kiasi cha kupandisha kioo.

fundi_redio

Aisee. Karatasi imenionyesha mwezi sentimita mbili tu nje ya fokasa. Sasa nimeelewa. Natafuta skrubu.

KijanaWaRongai

Niaje wadau, nasoma kutoka Nairobi. Mimi tayari niliingia kwa hiyo EQ mnayoikataa. Shida yangu: hapa tuko digrii 1.3 kusini, na skeli ya maunti haishuki hadi hapo. Hata nikilazimisha, kile chuma cha uzito kinagonga mguu wa tripodi. Kwa maelekezo wanasema "set your latitude", lakini latitude yangu haiko!

Mchungulia_Anga

Karibu jirani. Ugonjwa wa ukanda wetu huo. Mhimili wa maunti lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia, na pembe yake ni latitudo yako. Mombasa 4, Arusha 3.4, Dodoma 6.2, Dar 6.8, Songea 10.7. Maunti nyingi zimechorwa kwa ajili ya watu wa digrii 30 hadi 60. Kwako mhimili unalala karibu bapa.

Watu wanafanya hivi: wanaacha skeli ilipoishia, kisha wanainamisha tripodi yenyewe kwa kufupisha mguu mmoja au kuinua miwili mpaka mhimili ufike inapotakiwa. Usiangalie tena kile kipovu cha maji cha tripodi, hakina maana ukishainamisha. Pima pembe ya mhimili wenyewe kwa programu ya simu ya kupima mwinuko. Chuma kikigonga mguu, zungusha tripodi ili mguu usiwe upande kinakoshukia, au weka bomba la kunyanyulia maunti. Hakikisha pia rimoti imewekwa kusini, S, la sivyo mota itazunguka kinyume na nyota. Na maunti ikiegemea sana upande mmoja weka mfuko wa mchanga kwenye mguu, nisije nikasomewa lawama.

Kulenga ncha ya anga (nukta ambayo nyota zote zinaizunguka) bila kuiona kuna njia mbili. Ya wazee: chukua nyota iliyo juu kabisa karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), ikuze, iangalie ikihama kuelekea kaskazini au kusini. Inahama kwa sababu maunti imekosea kushoto au kulia. Sogeza kidogo, angalia tena. Ikizidi kuhama ulikwenda upande mbaya, rudi. Ikitulia, hamia nyota iliyo chini mashariki, ufanye hivyo hivyo kwa mwinuko. Ni kazi ya uvumilivu lakini hakuna umeme wala mtandao unaohitajika. Njia ya pili ni laptopu: programu ya N.I.N.A. ni bure, ina kipengele cha kupiga picha tatu sehemu tofauti za anga, inasoma nyota zilizomo na kukwambia umekosea kiasi gani. Haihitaji kuona ncha. Angalia kabla hujapakua, kuna programu nyingine lazima zione eneo la ncha, na kwako eneo lile limelala ardhini.

KijanaWaRongai

Hii ya kufupisha mguu hakuna mtu alishawahi kuniambia. Asante sana.

Abu Salha (Maskati)

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, niko Oman miaka mingi. Huku Polaris tunayo, digrii 23 na ushei, kwa hivyo hayo mateso ya ncha siyajui. Usiku tunapanda Jabal Shams, ni mlima wa kama mita 3,000, giza zuri na hewa kavu. Lakini niwaambieni kweli, kila nikija Unguja likizo naona wivu. Omega Centauri, kile kishada kikubwa cha nyota, huku inanyanyuka kidogo tu kusini na vumbi la jangwa linaimeza. Huko kwetu inapanda karibu nusu ya anga. Hata darubini ndogo inaichambua nyota moja moja pembeni. Nyinyi mnayo mlangoni mnalilia Polaris!

Mchungulia_Anga

Wa alaykum salaam shekhe. Umenena. Uingereza hawaioni Omega Centauri kabisa. Hata sayari ndiyo hivyo hivyo: zikiwa upande wa makundi ya nyota ya Nge na Mshale, mtu wa London anaziona digrii 15 juu ya paa la nyumba, hewa yote nzito iko katikati. Kwetu sayari yoyote inapokatiza juu kabisa haikosi digrii 60 hivi, mwaka mzima.

Na hapa niseme la sayari, maana wengi wanapiga picha moja ya Mshtarii (Jupiter) wanapata kitone chenye ukungu. Sayari hupigwa VIDEO. Hewa inachemka, lakini katikati ya kuchemka kuna visehemu vya sekunde imetulia. Chukua video ya dakika moja au mbili, isizidi sana, kwa sababu Mshtarii inajizungusha mara moja kwa chini ya saa kumi na mikanda itaanza kujifuta. AutoStakkert inachambua fremu zote, inachagua zilizotulia, inazirundika kuwa picha moja. Kisha RegiStax ya kunolea. Zote bure. Toa darubini nje mapema pia, kioo kikiwa na joto la ndani ya nyumba kinachemsha hewa ndani ya bomba lenyewe.

mzee_wa_short_cut

Jamani mnajitesa. Mimi nimenunua Seestar S50, darubini ndogo inayojiendesha yenyewe. Naiweka uani, nagusa simu, nakwenda kula ugali, nikirudi nebula iko tayari. Haya mambo ya kuinamisha tripodi ni ya karne iliyopita.

fundi_redio

Kwa hiyo umepiga picha wewe au imepiga yenyewe wakati unakula?

mzee_wa_short_cut

Ugali nimesonga mwenyewe, picha imepiga yenyewe. Tatizo liko wapi?

Mchungulia_Anga

Mimi simpingi mzee. Kwa mtu asiyetaka laptopu, ile kitu ni halali kabisa. Ujue tu unachonunua: lenzi ya 50mm, masafa ya fokasi 250mm. Kwa Orion, nebula ya Carina, mwezi mzima, safi. Kwa Mshtarii na Zohali (Saturn) ni vitone, hapo Dobson ya 150mm inaipiga bao la mkono.

Lakini umegusa jambo nililotaka kulifikia. Seestar kwa kawaida inafuatilia kwa kwenda juu-chini na kushoto-kulia, kama maunti za kompyuta zisizo za EQ. Wataalamu wa kaskazini wanazikataa kwa picha za nebula kwa sababu picha inajizungusha taratibu ndani ya fremu. Ni kweli, kwao. Orion ikiwa kusini ya London, inajizungusha zaidi ya digrii kumi kwa saa. Sasa fanya hesabu kwa Dodoma au Dar. Orion inachomoza karibu mashariki kamili na kupanda wima mpaka utosini, na kitu kilicho mashariki au magharibi kamili kwa mtu wa karibu na ikweta hakijizungushi karibu kabisa. Kati ya mwinuko wa digrii 20 na 60, nebula ya Orion hata digrii moja kwa saa haifiki. Nairobi ni zaidi, kama digrii moja na nusu hadi nne na nusu kwa saa, bado unaishi nayo. Maunti ile ile wanayoiponda YouTube, kwetu inafanya kazi ya EQ bure, ilimradi usivuke ukakaribia utosini. Pale juu mambo yanageuka, inazunguka kasi na mota inababaika.

Ndiyo maana nasema EQ baadaye. Piga fremu za sekunde 10 hadi 20, nyingi uwezavyo, wakati Orion inapanda. Ikifika juu, hamia kitu kingine.

Binti_Kilwa

Naomba kuuliza kaka. Orion si ya Desemba mpaka Machi? Dodoma hiyo ndiyo mvua.

Mchungulia_Anga

Swali zuri dada. Jioni ndiyo Desemba hadi Machi. Lakini katikati ya Septemba inachomoza kama saa sita usiku, na saa tisa usiku iko karibu nusu ya anga upande wa mashariki, kiangazi, anga kavu, mji umelala. Usingizi ndio ada yake. Huku Juni na Julai jioni unapiga kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way), maana Nge na Mshale vinapita karibu na utosi. Aprili na Mei ni Carina upande wa kusini, mvua ikikuruhusu.

Binti_Kilwa

Na sisi wa pwani? Darubini yangu ya lenzi imeota kama utandu wa buibui ndani. Nimeifuta nje haitoki.

Mchungulia_Anga

Hiyo fangasi, iko ndani na usiifute. Ikiwa kidogo haiharibu picha sana. Muhimu isiendelee. Pwani adui ni umande: usiku lenzi inapoa kuliko hewa, maji yanatua juu yake. Ukimaliza usiifunike ikiwa na maji ukaitia kwenye begi, hapo ndipo fangasi anapozaliwa. Ilaze ndani ielekee chini, wazi, ikauke, ndipo uifunike. Hifadhi kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na silika jeli, zikilowa zikaange upya. Usiku wenyewe visha darubini kofia ndefu ya sponji nyeusi mbele, au mkanda wa joto wa USB kwenye pawabenki. Kukifungua kioo umpelekee fundi wa lenzi anayejua, siyo mwenye bisibisi tu.

fundi_redio

Nimesikia mkuu 😂

Niulize la picha za nebula. Nimepiga Orion fremu nyingi kwa JPEG, zote ni nyeusi na chenga. Nimeziongeza mwanga, chenga ndiyo zimeongezeka.

Mchungulia_Anga

Piga RAW (faili ghafi la kamera), JPEG imeshatupa taarifa unazozitafuta. Fremu moja haina picha, picha iko kwenye kurundika. Chenga zinabadilika kila fremu, nebula haibadiliki, kwa hiyo ukirundika fremu 100 nebula inajitenga na chenga mara kumi. Fremu 400, mara ishirini. Kila ukitaka mara mbili unalipa mara nne.

Tumia programu ya Siril ya kurundika, ni bure na inaenda hata kwa laptopu ya zamani, ila itachukua muda na nafasi kwenye diski. Tengeneza mafolda manne: lights, darks, flats, biases, majina hivyo hivyo bila kubadilisha herufi, script (mlolongo wa amri za Siril) inayatafuta kwa majina hayo. Lights ndizo picha zako. Darks funika darubini, piga kwa sekunde zile zile na ISO ile ile, usiku ule ule maana joto la sensa linahesabika. Flats asubuhi kabla ya jua kutoka: tandaza fulana nyeupe isiyo na mkunjo kwenye mdomo wa bomba, elekeza angani, piga, kamera isiguswe wala kuzungushwa tangu usiku. Hizo ndizo zinaondoa yale madoa ya vumbi. Biases ni shata ya kasi kuliko zote huku umefunika.

Picha ikitoka kwenye Siril itakuwa nyeusi, usiogope. Bonyeza muonekano wa AutoStretch uone kilichomo.

Na Orion kitovu chake ni king'avu sana, kinaungua. Piga na kundi la fremu fupi, sekunde mbili tatu, uje kuzichanganya pale katikati.

siti_ya_mbele

Kahawa imeisha, nimeanza kutafuta Dobson ya mtumba. Nimepata 150mm, jamaa anasema haijaguswa tangu aletewe. Nimeijaribu kwa nyota, haiwi kali hata nikizungusha fokasi, inakuwa na mkia upande mmoja. Niache?

Mchungulia_Anga

Usiiache bado, shusha bei. Chukua nyota angavu, iweke katikati ya lenzi, kisha itoe fokasi makusudi. Utaona duara lenye kivuli cheusi ndani. Kivuli kikiwa katikati, vioo viko sawa na tatizo ni jingine. Kikiwa kimeegemea pembeni, vioo vimehama kwa kusafirishwa, na hiyo inarekebishika.

Nyuma ya bomba kuna skrubu tatu za kurekebisha na tatu za kufunga. Legeza za kufunga kwanza. Geuza moja ya kurekebisha robo mzunguko tu, rudi kwenye lenzi ya jicho, irudishe nyota katikati, angalia kivuli kimekwenda wapi. Kikiboreka endelea na hiyo hiyo, kikiharibika rudisha uhamie nyingine. Mkiwa wawili, mmoja anachungulia mwingine anageuza, ni kazi ya dakika chache. Ukimaliza kaza za kufunga taratibu kwa zamu, na uangalie tena, maana kukaza nako kunasogeza.